Nani Aishike Tupa? Bastola ya Mashindano kati ya Mwenyewe na Fundi

Kwenye mashindano ya kimataifa ya bastola ya mita 25, juu ya meza ya wakaguzi kuna kifaa kisicho na mbwembwe yoyote: chuma chenye uzito wa gramu 1,000. Mkaguzi huhakikisha bastola haina risasi, mtutu unasimamishwa wima, triga inanasishwa kwenye kile chuma, kisha kinainuliwa. Chuma kikinyanyuka na triga isiachie, bastola imepita. Ikiachia, inajaribiwa tena, na kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha, zinaruhusu majaribio yasiyozidi matatu. Hata aliyepita asubuhi hajamaliza. Baada ya risasi zake za mwisho anaweza kuteuliwa kwa kura ili apimwe upya, na triga ikikutwa nyepesi kuliko kiwango, anaondolewa mashindanoni.

Kwa hiyo kila mlenga shabaha makini hutaka triga iliyosogea karibu kabisa na kiwango bila kushuka chini yake. Triga nzito humlazimisha kukaza kidole, kidole kikikazwa kiganja kizima nacho hukazika, na mtutu unahama kabla risasi haijatoka. Bastola inapotoka kiwandani mara nyingi haiko hivyo anavyoitaka. Kati ya ilivyo na anavyoitaka kuna kazi ya mikono, na nani aifanye kazi hiyo ni mabishano ya zaidi ya karne moja. Wapo wanaoamini kwamba asiyeweza kuifungua silaha yake na kuirekebisha hajaijua. Wapo ambao hawathubutu kulegeza hata skrubu moja bila fundi.

Pande zote mbili zina hoja, lakini zote hupenda kubishana juu ya watu: nani ana cheti, nani ana uzoefu, nani ana haki. Ukiitazama kazi yenyewe, mstari unapita mahali pengine. Kuna kazi ambazo zikiharibika zinaonekana papo hapo na kipande cha zamani kinarudishwa. Kuna nyingine zinazoondoa chuma kisichorudi, na kosa lake hujificha kwa mamia ya risasi kabla ya kujitokeza.

Nusu milimita ya chuma

Mfano mzuri ni Colt M1911, bastola ya John Moses Browning iliyopokewa na jeshi la Marekani mwezi Machi 1911 na ambayo mpaka leo inapendwa na mafundi wa bastola za mashindano. Nyundo yake ikivutwa nyuma hukamatwa na kipande kidogo chenye ncha, ambacho hapa tutakiita kizuio. Ncha ya kizuio hukaa kwenye vijino viwili vilivyochongwa chini ya nyundo. Mpigaji akibana triga, kizuio hujizungusha taratibu na kuteleza hadi kitoke kwenye vijino. Nyundo inaanguka, pini inapiga kitako cha risasi.

Kwenye bastola iliyoandaliwa kwa mashindano, vijino hivyo huwa na kina cha karibu nusu milimita tu. Uzito wa triga, ulaini wake, na ule mkato wa ghafla ambao walenga shabaha huusifu hutokana na nyuso mbili zinazokutana hapo, pamoja na springi bapa yenye vidole vitatu inayozisukuma. Jeshi lilitaka triga ya kilo 2.3 hadi 3 hivi, kwa sababu askari hubeba silaha akikimbia, akianguka na kutambaa. Kanuni za mashindano ya NRA, chama cha wenye bunduki cha Marekani, kwa bastola ya .45 zinataka isipungue pauni 3.5, yaani takriban kilo 1.6. Ili kushuka kutoka huku hadi kule, mtu huchukua kinoo na kuanza kusugua.

Hapo ndipo kazi inapotisha. Ncha ya kizuio inatakiwa ibebe vijino vyote viwili kwa usawa na kwa pembe moja. Mkono ukiinama kidogo wakati wa kusugua, ncha inakuwa mviringo, au kijino kimoja kinabeba mzigo wote na kingine kinabaki kutazama. Kuna vipande vya zamani vilivyotiwa ugumu juu tu. Ukisugua kupita kiasi unafika kwenye chuma laini, na chuma laini kinalika. Kazi yote hiyo hufanyika kwenye eneo dogo kuliko punje ya mchele.

Kinachohadaa ni kwamba triga ya namna hiyo huwa nzuri ajabu siku za mwanzo. Kidole kinaona wepesi, mikato ni safi, na mwenyewe anaamini amefaulu. Kumbe wepesi huo unaweza kuwa dalili kwamba nyuso zimebaki na mshiko mdogo mno. Baada ya risasi mia kadhaa ncha inachakaa. Siku moja slaidi inarudi mbele kwa kishindo na nyundo inaifuata badala ya kubaki imekamatwa. Kwa bahati nzuri nyundo hunaswa njiani na kijino cha dharura. Kwa bahati mbaya, mpigaji anabana mara moja zinatoka risasi mbili, ya pili mtutu ukiwa umeruka juu na kuelekea asikokujua. Kidole, ambacho ndicho kipimo pekee cha mtu asiye na vifaa, hakikuwa na namna ya kuliona jambo hilo mapema.

Mafundi walitoka mezani mwa walenga shabaha

Hata hivyo anayesema kazi hii iachiwe wataalamu tu anasahau wataalamu hao walitoka wapi. Mashindano ya kitaifa ya Marekani yalihamia Camp Perry, jimbo la Ohio, mwaka 1907, na kwa miongo mingi bastola iliyotawala pale ilikuwa ile ya kijeshi. Lakini bastola ya kijeshi iliundwa ilegee kidogo ili ifanye kazi hata ikiwa na mchanga na matope. Katika mashindano ya shabaha ya duara, mpigaji husimama yadi 50, yaani mita 46 hivi, ananyoosha mkono mmoja, na duara la alama 10 lina kipenyo cha takriban milimita 85. Bastola iliyolegea haiwezi kumpa duara hilo hata ifungwe kwenye jiliwa.

Watu wakaanza kukaza: mtutu usichezecheze mdomoni, slaidi isiyumbe kwenye reli zake, triga isiburute. Wengi wa waliofanya hivyo walikuwa wapigaji wenyewe. Jim Clark wa Louisiana alikuwa fundi na mshindani kwa wakati mmoja, na mwaka 1958 alitwaa ubingwa wa taifa wa bastola. Alijulikana kwa kuchukua Colt za .38 Super na kuzigeuza zitumie risasi tulivu za .38 Special zenye kichwa bapa kinachotoboa karatasi tundu safi. Bill Wilson alisomea ufundi saa na alianza mwaka 1977 nyuma ya duka la familia la vito huko Berryville, Arkansas. Karakana hiyo ndiyo leo inaitwa Wilson Combat. Italia nako, Giampiero Pardini alikuwa mlenga shabaha kabla jina lake halijaandikwa kwenye bastola zinazoonekana mikononi mwa washindani wa Olimpiki.

Jeshi nalo lilikuwa na njia yake. Mwaka 1956 rais Dwight Eisenhower alitaka kiundwe kikosi cha kuirudisha Marekani kileleni katika ulengaji shabaha, wakati Wasovieti walipokuwa wakizoa medali. Kikosi hicho cha Fort Benning, Georgia, kiliwekewa karakana yake ya silaha, mafundi wakikaa jirani na wapigaji. Mpigaji alilalamika asubuhi, fundi akabadilisha, na mchana bastola ikarudi uwanjani kupimwa. Kufikia mwaka 1974 mlenga shabaha Hershel Anderson alipata alama 2,680 kati ya 2,700, kiwango kinachoonyesha silaha hizi zilikuwa zimefikishwa wapi.

Kinachowaunganisha watu hao ni wingi wa silaha walizozishika. Clark hakuwa hodari kwa sababu alikuwa na bastola yake moja na hamu kubwa. Alifungua bastola nyingi za watu wengi, akaziona zikirudi zikiwa na kasoro, akajifunza kasoro ipi inatokana na nini. Mwenye bastola moja, hata awe na mikono ya dhahabu, ana kitabu chenye ukurasa mmoja.

Kazi ambazo ni za mwenyewe

Kuna sehemu ambayo mwenyewe anamshinda fundi yeyote, nayo ni mshikio. Bastola za Olimpiki huja na mishikio ya mti iliyochongwa kufuata kiganja, lakini viganja havifanani. Mlenga shabaha hupaka unga wa mbao uliochanganywa na gundi pale penye nafasi, anashika, anaacha alama ya vidole, anasubiri ikauke, kisha anakuja na tupa na msasa kuondoa panapobana. Anapiga wiki mbili, anaona kitako cha kidole gumba kinachubuka, anasugua tena. Hakuna fundi wa mbali anayeweza kuihisi nafasi ya nusu milimita chini ya kidole cha mtu mwingine. Mipaka yake ni ya kanuni: bastola ya mita 25 sharti iingie kwenye sanduku la milimita 300 kwa 150 kwa 50, na mshikio ukizidi, ukaguzi unaukataa. Akikosea, ananunua mshikio mwingine. Hakuna aliyeumia.

Vilengeo ni vilevile. Kubadilisha upana wa kilengeo cha mbele, kurekebisha cha nyuma, kufunga kile cha kioo chenye nukta nyekundu pale kanuni zinaporuhusu: kosa la hapo linaonekana kwenye karatasi ya shabaha siku hiyohiyo.

Springi zinahitaji uangalifu zaidi, ila bado zimo mikononi mwa mwenyewe. M1911 ya .45 huja na springi ya slaidi ya pauni 16. Anayepiga risasi nyepesi za mashindano huona slaidi hairudi nyuma ya kutosha na maganda yanakwama. Anaweka springi laini zaidi na tatizo linaisha. Lakini akisahau na kupakia risasi zenye nguvu kamili, slaidi inagonga fremu kwa nguvu kila mara. Springi inabadilishwa kwa dakika chache na ya zamani inarudi ilipokuwa, mradi mwenyewe aandike ni ipi iliyomo.

Usafi, mafuta, ukaguzi wa nyufa na kuhesabu risasi zilizopigwa navyo ni vyake. Mafundi wengi husema bastola inayoletwa kwao kwa kuwa "haifanyi kazi" mara nyingi ina uchafu, magazini iliyopinda mdomo, au springi iliyochoka. Mwenye silaha aliyejifunza kuifungua na kuisafisha huokoa safari, nauli na miezi ya kusubiri, kwa sababu foleni ya fundi mwenye jina inaweza kupita hata mwaka.

Vipuri vya "ingiza tu"

Katikati ya mshikio na kinoo pameota soko kubwa. Zamani nyundo na kizuio vilinunuliwa vikiwa vinene kidogo ili fundi avipunguze hadi vikae. Siku hizi mashine zinazokata chuma kwa waya wenye umeme hutoa vijino na ncha kwa usahihi ambao mkono wa binadamu hauufikii, na kiwanda kinauza nyundo, kizuio na springi kama seti moja iliyokwisha kulinganishwa. Mnunuzi anaambiwa: toa vya zamani, ingiza hivi, nenda ukapige.

Mara nyingi inakuwa hivyo kweli, na hapa hoja ya wapenzi wa kujifanyia imepata nguvu mpya. Kubadilisha kipuri si sawa na kukichonga. Glock, iliyoingia katika jeshi la Austria mwaka 1982, ilijengwa juu ya wazo hilo: vipande vichache, karibu 34, vinavyoingiliana bila kuchongwa. Kozi ya kiwanda ya kumfundisha mtu kuihudumia hukamilika kwa siku moja. Linganisha na Ujerumani, ambako mafunzo ya fundi silaha huchukua miaka 3, na kufungua karakana kwa kawaida kunadai cheti cha ufundi mkuu. Wa siku moja amefundishwa kutambua kipuri kibovu na kuweka kizima. Wa miaka 3 amefundishwa kutengeneza kipuri kisichokuwepo na kukikalisha mahali pake.

Tatizo la "ingiza tu" ni kwamba kipuri kimepimwa kwa usahihi lakini fremu inayokipokea haikupimwa na mtu huyohuyo. Kwenye M1911, ambayo leo inatengenezwa na viwanda chungu nzima, matundu ya pini za nyundo na kizuio yakitofautiana kwa umbali mdogo tu, pembe ya kukutana inabadilika. Seti iliyo kamilifu kwenye bastola moja inakuwa ya hatari kwenye nyingine. Ndiyo maana vifaa vya fundi ni pamoja na kibao chenye pini mbili anachotundikia nyundo na kizuio nje ya bastola, na kioo cha kukuza, ili aone vinavyoshikana. Asiye nacho anafunga bastola, anasikiliza mlio, na kutumaini.

Tena triga ni mnyororo. Ukipunguza uzito wa kipande kimoja, kingine kinabeba kazi yake. Wahandisi wenyewe wamewahi kukumbushwa jambo hilo. Januari 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola ya SIG Sauer P320 kuwa silaha yake mpya. Agosti mwaka huohuo, baada ya majaribio kuonyesha kwamba toleo la kiraia la bastola hiyo lingeweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani, kampuni ilitangaza kuwarekebishia wateja waliotaka: triga ambayo kipande chenyewe ni chepesi zaidi, na sehemu nyingine za ndani zilizobadilishwa. Sehemu ya tatizo ilikuwa uzito wa triga yenyewe, ambayo bastola ikigonga chini iliendelea kusogea nyuma kwa msukumo wake. Kama kiwanda chenye maabara kilihitaji majaribio ya kuangusha ili kuligundua hilo, anayepunguza springi jikoni kwake hana njia ya kujua silaha yake itafanya nini ikidondoka kutoka kwenye meza ya uwanja wa shabaha.

Chemba na mtutu

Sehemu ambayo hata walenga shabaha jasiri huikwepa ni ile inayobeba moto. Risasi ya milimita 9 ya Parabellum imewekewa kikomo cha shinikizo cha bar 2,350 katika viwango vya tume ya CIP, inayounganisha nchi zinazopima silaha kwa mfumo mmoja. Ganda la shaba peke yake haliwezi kulihimili. Linahimili kwa sababu limekumbatiwa na chuma cha chemba pande zote, isipokuwa sehemu ndogo ya kitako.

Chini ya mdomo wa chemba kuna mteremko unaoiongoza risasi kutoka kwenye magazini. Bastola ikikwamisha risasi, mtu anashawishika kuusugua mteremko huo ung'ae. Kung'arisha tu hakuna ubaya. Lakini akiondoa chuma na kuusogeza mbele, anapunguza ukumbatio wa ganda, na siku shinikizo likipanda kidogo kitako cha ganda kinapasuka. Gesi inashuka kwenye magazini, magazini inarushwa chini, vipande vya mshikio vinamchoma mpigaji kiganjani. Mara nyingi chanzo cha kukwama kilikuwa mdomo wa magazini, kitu kinachobadilishwa bila tupa.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwenye kundi la Open la IPSC, shirikisho la upigaji wa vitendo lililoanzishwa Columbia, Missouri, mwaka 1976 chini ya Jeff Cooper. Ili kupata alama za risasi yenye nguvu, mshindani wa kundi hilo sharti afikishe kipimo cha 160, ambacho hutokana na uzito wa kichwa cha risasi pamoja na mwendo wake. Wengi hukifikia kwa ganda la milimita 9 wanalojijazia baruti wenyewe kupita kawaida. Bastola ya kazi hiyo haina nafasi ya chemba iliyolegea.

Uwanja na mahakama

Kanuni za mchezo zimeshakata sehemu ya mabishano. Kundi la Production la IPSC hukubali bastola zilizo kwenye orodha iliyoidhinishwa na huruhusu mabadiliko machache, kwa hiyo mshindani anayesugua kila kitu anaweza kujikuta amehamishiwa kundi la wenye silaha za bei kubwa. Risasi ikitoka bila kukusudiwa, mshindani huondolewa mashindanoni. Upo upenyo mmoja. Ikithibitika kwamba sababu ni kipuri kilichovunjika au kibovu, haondolewi, ila alama zake za zoezi hilo zinakuwa sifuri, na sharti aikabidhi bastola ikaguliwe kabla hajaondoka pale. Mtu aliyelainisha kizuio chake mwenyewe anajikuta anamweleza mwamuzi kwamba kipuri kilikuwa kibovu, huku mwamuzi akikitazama kipuri chenye alama za kinoo.

Sheria za nchi zinatofautiana zaidi. Marekani, mwenye silaha halali kwa ujumla anaruhusiwa kuirekebisha yake mwenyewe, lakini anayezifanyia kazi za wengine kama biashara anahitaji leseni ya serikali kuu chini ya sheria ya mwaka 1968. Ujerumani imeweka njia ya kati: raia asiye mfanyabiashara anaweza kuomba kibali cha kutengeneza au kurekebisha silaha, kwa muda usiozidi miaka 3 na kwa idadi iliyotajwa, na akibadilisha sehemu inayobeba shinikizo, silaha inarudi kwenye kituo cha serikali ikapigwe risasi za majaribio na kutiwa muhuri. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2000, imewaachia wenye leseni ya ufundi silaha kazi za kubadilisha mifumo ya ndani.

Afrika Mashariki iko karibu zaidi na Afrika Kusini kuliko na Marekani. Kenya, chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, anayefanya biashara ya kutengeneza au kukarabati silaha sharti asajiliwe. Tanzania ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015, nayo imeweka shughuli hizo chini ya leseni. Kwa mwanachama wa klabu anayepiga kwenye uwanja wa Kirigiti, Kiambu, ambako mashindano ya IDPA, mchezo wa bastola wa mtindo wa kujihami, yamefanyika, swali la kwanza kabla ya kushika tupa ni la kisheria, na jibu lake liko kwa ofisi iliyompa kibali, si kwa rafiki mwenye vifaa.

Fundi naye apimwe

Kumpelekea fundi si kujivua wajibu. Bango mlangoni halithibitishi chochote, na wapo wanaojiita mafundi ambao kazi yao yote ni kuingiza seti ileile ambayo mteja angeiingiza mwenyewe. Fundi wa kweli huanza kwa kuuliza: bastola itatumika kwenye mashindano gani, kundi lipi, kwa risasi gani, na kikomo cha triga ni kipi. Atakataa kushusha triga chini ya kiwango hata mteja akisisitiza. Atampa mteja karatasi inayoonyesha uzito wa triga kabla na baada, vipuri alivyobadilisha, na risasi ngapi alizipiga kuijaribu. Atarudisha vipuri vya zamani ndani ya mfuko. Na kasoro ikitokea, yupo, ana jina, na anawajibika.

Mteja naye ana kazi yake bastola inaporudi. Aipime triga kwa mzani, mara kadhaa, akiwa ameihakikisha haina risasi. Uwanjani aanze na risasi moja kwenye magazini, kisha mbili, mtutu ukielekea kwenye kingo ya udongo na mtu mwingine akitazama, kabla ya kujaza magazini nzima. Mzani upimwe tena baada ya risasi mia chache, kwa sababu triga inayozidi kuwa nyepesi yenyewe inaonyesha nyuso zinalika. Waliojifanyia kazi wenyewe wengi huruka hatua hii, kwa kuwa mtu huona taabu kuishuku kazi ya mikono yake.

Kwa klabu za kwetu, ambako mafundi wenye leseni wanahesabika na vipuri husubiri vibali vya kuingizwa, njia yenye tija ni kuchagua mashindano na bastola zisizodai kuchongwa: makundi ya silaha za kiwandani, vipuri vya kubadilisha, mishikio ya kujitengenezea, springi zenye kumbukumbu ya maandishi. Fedha ambazo wanachama kumi wangetumia kununua vinoo na vibao vya kuchongea zingetosha kununua mzani mzuri wa triga, seti ya geji za chemba, na siku mbili za fundi mwenye leseni anayekuja mara moja kwa mwaka kukagua bastola zote za klabu kwa mkupuo mmoja.